Michoro ya vita katika majarida ya Kiserbia ya karne ya 19: nani aliichora, na taifa liliingiaje ndani yake?

Mjadala wa Balkani unapopamba moto mitandaoni, hakukosi mtu wa kuleta picha ya zamani ya rangi nyeusi na nyeupe: wapanda farasi, moshi wa mizinga, mama anakimbia na mtoto mgongoni. Chini yake pameandikwa "Waserbia wakipigana na Waturuki, 1876". Hapo mabishano huanza. Huyu anasema ni ushahidi wa macho, yule anasema ni propaganda tupu. Wote wawili wanaichukulia picha kama kitu kilichotoka mkononi mwa mtu mmoja aliyekuwa vitani, kikaenda moja kwa moja gazetini. Mambo hayakwenda hivyo hata kidogo, na bila kujua yalivyokwenda huwezi kueleza picha hizo zilihusika vipi na utaifa wa Waserbia.

Serbia ipi?

Mkanganyiko unaanzia kwenye majina. Katikati ya karne ya 19 Serbia ilikuwa nchi ndogo yenye mtawala wake, aliyeitwa knez, makao yake Belgrade, lakini kisheria ilikuwa bado chini ya Sultani wa Istanbul. Ilifika hapo kwa maasi mawili, ya 1804 na ya 1815, na askari wa mwisho wa Uthmaniya, dola ya Sultani huyo, waliondoka katika ngome zake mwaka 1867. Uhuru kamili ulitambuliwa na Mkutano wa Berlin wa 1878, na mwaka 1882 nchi ikawa ufalme. Sensa ya 1874 ilihesabu watu wapatao milioni 1.35.

Waserbia wenyewe walienea mbali zaidi ya mipaka hiyo. Kulikuwa na Waserbia wa Bosnia na Herzegovina, raia wa Sultani. Kulikuwa na Wamontenegro, wenye mtawala wao mlimani, ambao wahariri wa Kiserbia wa wakati ule waliwahesabu kuwa ndugu wa damu moja. Na kulikuwa na maelfu kwa maelfu waliokuwa raia wa Austria-Hungaria, hasa kusini mwa Hungaria, mji wao wa elimu na biashara ukiwa Novi Sad.

Kwa hiyo "majarida ya Kiserbia" si sawa na "majarida ya Serbia". Yale yaliyojaa picha yalichapwa nje ya Serbia. *Srpska zora* ilitoka Vienna kati ya 1876 na 1881, mhariri wake Todor Stefanović Vilovski. *Ilustrovana ratna kronika*, yaani habari za vita kwa picha, ilitolewa Novi Sad mwaka 1877 na 1878 na muuza vitabu Arsa Pajević. *Srpske ilustrovane novine* ilitoka Novi Sad 1881 na 1882. Kalenda ya mwaka iliyoitwa *Orao*, yenye hadithi, mashairi na picha, ilichapwa mjini humo kuanzia 1875 hadi 1904. Belgrade ilikaa hadi 1899 ndipo ikapata jarida la picha lililodumu, *Nova iskra*.

Sababu ni za kawaida kabisa. Novi Sad ilikuwa na wafanyabiashara wenye uwezo wa kulipia usajili, shule, na Matica srpska, chama cha fasihi kilichohamia hapo kutoka Pest mwaka 1864. Vienna, yenye karakana za kuchonga picha, haikuwa mbali. Lakini kufanya kazi huko kulikuwa na gharama yake. Svetozar Miletić, kiongozi wa kisiasa wa Waserbia wa kusini mwa Hungaria na mwanzilishi wa gazeti *Zastava*, alikamatwa Julai 1876, vita vya Serbia na Uthmaniya vikiwa vimeanza siku chache tu nyuma, na alikaa gerezani hadi 1879. Katika mazingira hayo, picha ya shujaa yenye maelezo ya mistari mitatu ilikuwa salama kuliko tahariri. Hilo peke yake linaeleza kwa nini hisia nyingi ziliwekwa kwenye michoro badala ya makala.

Picha ilitengenezwaje

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu nusu ya mabishano ya leo ingeisha kama watu wangejua kazi ya karakana.

Hadi miaka ya 1880 hakukuwa na njia ya kawaida ya kuchapa fotografia pamoja na herufi katika ukurasa mmoja. Kilichotumika ni uchongaji wa mbao. Mbao ilikuwa ya buksi, mti mgumu unaokua polepole sana, ukikatwa kwa kukingama shina ili mchongaji afanye kazi juu ya ncha za nyuzi, asisumbuliwe na nyuzi zenyewe. Kibao kilipimwa kiwe na kimo sawa na herufi za madini ya risasi, milimita 23 na ushei, ili vyote viwekwe kwenye fremu moja na kupigwa wino kwa pamoja. Buksi bora ilitoka pwani ya Bahari Nyeusi na Kaukasi, sehemu yake kubwa ikipitia bandari za Sultani. Mashujaa waliopigana na Sultani walichongwa kwenye mti uliouzwa na watu wake.

Shina la buksi ni jembamba. Ukurasa mzima haukuweza kutoka kwenye kipande kimoja, hivyo vipande kumi, ishirini au zaidi viliunganishwa kwa skrubu nyuma. Uso ulipakwa rangi nyeupe, mchoraji akachora kinyume kama kwenye kioo, kisha vipande vikafunguliwa na kugawiwa kwa wachongaji tofauti. Mmoja alichonga mawingu, mwingine farasi, mwingine nyuso. Fundi mkuu alipitisha mistari kwenye maungio kabla ya kugawa, ili vipande vikirudi pamoja vikutane. Asipofanya hivyo vizuri, mstari mwembamba mweupe hukata picha kutoka juu hadi chini. Ukiuona huo, umeona ungio la kibao.

Na huyo mchoraji alipata wapi alichokichora? Magazeti makubwa ya Ulaya yalituma wachoraji vitani. Frederic Villiers wa *The Graphic* alianza kazi yake ya vita huko Serbia mwaka 1876, na Melton Prior wa *The Illustrated London News* naye alikuwapo. Lakini hata wao walituma michoro ya haraka ya penseli yenye maelezo pembeni, mathalani hapa moshi, hapa askari wengi, kilima hiki kina miti. Mchoraji wa ofisini, ambaye hajawahi kuiona Balkani, ndiye aliyejaza sura, nguo na mawingu. Ndiyo maana sura zinafanana kutoka vita hadi vita. Magazeti hayo ya London yalichapa pia michoro ya Sultani Barghash wa Zanzibar alipozuru Uingereza katikati ya 1875, majira yaleyale Wakristo wa Herzegovina walipoanza kuasi utawala wa Sultani. Mbao na hila za karakana zilikuwa zilezile.

Fotografia ilikuwapo. Ivan Groman alipiga picha upande wa Serbia katika vita vya 1876 hadi 1878. Lakini kioo cha wakati ule kilipakwa dawa kikiwa bado kimelowa, kikahitaji sekunde kadhaa za utulivu na hema la giza pembeni. Kwa hiyo fotografia ilinasa maofisa waliosimama, mizinga iliyotulia, kambi na hospitali. Mapigano yenyewe hayakuwezekana. Basi picha yoyote ya miaka hiyo inayoonyesha panga hewani na farasi wanaanguka imetoka kwenye kichwa cha mchoraji, hata kama sura za majenerali zilinakiliwa kutoka fotografia.

Kibao kimoja, magazeti mengi

Kibao cha mbao hakikupelekwa mashineni moja kwa moja. Kilibanwa kwenye nta ili kiache alama zake, nta ikapakwa unga wa grafiti, ikatumbukizwa kwenye maji ya salfeti ya shaba yenye umeme. Shaba iliganda juu yake kama ngozi nyembamba, ikajazwa risasi kwa nyuma, na hapo ukapata nakala ya chuma, klishe. Unaweza kutengeneza klishe nyingi upendavyo na kuziuza. Gazeti kubwa lilirudisha sehemu ya gharama zake kwa kuuza klishe kwa magazeti madogo ya lugha nyingine, mara nyingi baada ya miezi kadhaa, bei ikiwa imeshuka.

Jarida dogo lenye wasomaji wachache halikuweza kulipia uchongaji mpya kila wiki. Likanunua klishe, likaweka maelezo yake kwa Kiserbia. Ni kama kanga. Mji na pindo zinaweza kuwa zilezile katika doti mbili, lakini jina likibadilika, ujumbe unaompelekea jirani si ule tena. Mchoro wa Herzegovina uliochongwa ili kumsisimua msomaji wa Leipzig, Ujerumani, aliyetaka kuona watu wa ajabu wa milimani, uliingia Novi Sad ukapewa maelezo yanayosema: hawa ni ndugu zetu, na hii ni damu yetu.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha jambo lote. Mstari wa mchoro ulisema kidogo sana kuhusu utaifa. Userbia uliingizwa na maneno ya chini, na shairi lililowekwa ukurasa wa pili, na picha zilizopangwa kabla na baada yake.

Kilichowekwa karibu na nini

Chukua picha za sura za watu. Msomaji alikutanishwa na safu ya mashujaa: kuhani Bogdan Zimonjić na Mićo Ljubibratić wa maasi ya Herzegovina, knez Nikola wa Montenegro, knez Milan wa Serbia, Jenerali Mikhail Chernyayev, Mrusi aliyeongoza jeshi la Serbia mwaka 1876. Watu hawa walitoka katika mamlaka tofauti, na baadhi yao hawakupatana. Wakiwekwa kwenye fremu za aina moja, wanakuwa familia. Hata Jenny Merkus, mwanamke tajiri wa Kiholanzi aliyejiunga na waasi wa Herzegovina, alipata umaarufu katika magazeti ya Ulaya kwa njia hiyo, na hakuwa Mserbia.

Mavazi nayo yalisema. Kofia ya Kimontenegro ina ukingo mweusi na juu nyekundu, na tafsiri iliyoenea ni kwamba weusi ni maombolezo ya vita vya Kosovo vya 1389 na wekundu ni damu. Mchoraji wa Vienna aliichora kwa sababu ilipendeza. Msomaji wa Kiserbia aliisoma. Mchoraji Mcheki Jaroslav Čermák alikuwa tayari amewafanya Wamontenegro wapendwe Ulaya kwa michoro yake ya rangi, na mwaka 1882 Paja Jovanović, kijana wa Vršac aliyesoma Vienna, alipata tuzo ya chuo chake kwa *Mmontenegro Aliyejeruhiwa*. Kazi kama hizo zikichongwa zilirudi majaridani. Yaani taswira ya Mserbia shujaa wa milimani ilizunguka Ulaya kwanza, ikapata heshima huko, ndipo ikarejeshwa nyumbani kama kitu cha asili.

Halafu Kosovo. Vita vya 15 Juni 1389 kwa kalenda ya zamani, ambamo knez Lazar aliuawa na Sultani Murad naye akauawa, viliishi katika tenzi zilizoimbwa kwa zeze la uzi mmoja, gusle, na Vuk Karadžić alizikusanya na kuzichapa tangu mwanzo wa karne. Adam Stefanović alichora mandhari ya Kosovo kwa litografia, yaani chapa ya jiwe, katika miaka ya 1870, na nakala zake zilitundikwa majumbani. Mhariri alipoweka askari wa 1876 karibu na Lazar au Miloš Obilić, shujaa anayesimuliwa kuwa ndiye aliyemuua Murad, hakuhitaji kueleza zaidi. Vita vya jana vilikuwa vinaendelea.

Wengi hudhani michoro ya kitaifa ni ya ushindi tu. Hapa haikuwa hivyo. Vita vya 1876 Serbia ilishindwa. Ngome ya udongo ya Šumatovac karibu na Aleksinac ilisimama imara mwezi Agosti, lakini mwisho wa Oktoba mstari wa ulinzi wa Đunis ulivunjika, na ni onyo kali la Urusi kwa Istanbul lililoizuia njia ya kwenda Belgrade. Majeruhi, wauguzi, mjane na mkimbizi walifaa zaidi kuliko bendera iliyopandishwa, kwa sababu simulizi ya Kosovo yenyewe ni ya kushindwa kunakogeuzwa heshima. Uroš Predić alipochora wakimbizi wa Herzegovina mwaka 1889, zaidi ya miaka kumi baada ya maasi, alitumia taswira ambayo macho ya wasomaji yalishaizoea.

Na kuna kilichoachwa nje. Adui aliyependwa kuchorwa alikuwa bashibazuki, mpiganaji asiye wa jeshi rasmi, kilemba kichwani na visu kiunoni. Jeshi rasmi la Uthmaniya lilikuwa na sare za mtindo wa Ulaya na mizinga ya Krupp, kiwanda cha Ujerumani, na vita halisi vilikuwa vya mahandaki, risasi za mbali, mvua na maradhi. Mkimbizi wa michoro alikuwa Mkristo. Serbia ilipoteka Niš, Pirot, Leskovac na Vranje katika majira ya baridi ya 1877 na 1878, makumi ya maelfu ya Waislamu, Waalbania na Waturuki, waliyahama makazi yao au walifukuzwa. Hao hawakuwa na nafasi katika safu ya wahanga wa taifa. Anayetumia michoro hii kama rekodi ya mateso ya Balkani anapaswa kukumbuka ni nusu gani ya rekodi aliyoishika.

Je, picha ndizo zilizounda taifa?

Dai hili hurudiwa sana, na limezidi kipimo. Katika Serbia ya miaka ya 1870 wanaojua kusoma walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Wasomaji wa majarida walikuwa wafanyabiashara, makuhani, walimu, maofisa na familia zao, wengi wao wakiwa upande wa pili wa mto Sava na Danube. Ni kweli kwamba gazeti moja lilisomwa kwa sauti mgahawani na picha ikapita mikono mingi, na kalenda kama *Orao* ilikaa nyumbani mwaka mzima. Hata hivyo mkulima alijifunza kuwa Mserbia kwa kanisa, utenzi, shule na jeshi kabla ya kuona klishe. Michoro iliwapa watu wa mjini, waliotawanyika katika dola mbili, sura ya pamoja ya kitu walichokwisha kusikia.

Mipaka ya mbinu hii ilionekana mwaka 1885. Novemba mwaka huo mfalme Milan aliivamia Bulgaria, akashindwa huko Slivnitsa, na Wabulgaria wakaingia hadi Pirot kabla Austria-Hungaria haijawasimamisha. Sasa adui alikuwa Mslavi, Mwothodoksi, mwenye kuandika kwa herufi za Kisiriliki na kofia isiyotisha. Bashibazuki hakufaa, Kosovo haikufaa. Hazina yote ya taswira iliyokusanywa kwa miaka kumi haikuwa na la kusema, na upande wa pili ndio uliopata mchoraji wake maarufu, Mpolandi Antoni Piotrowski.

Ukiletewa picha, angalia hivi

Anza na lenzi. Mistari iliyokatwa kwa mkono ni uchongaji wa mbao. Nukta zilizopangwa kwa safu ni njia ambayo Georg Meisenbach wa Munich aliipatia hataza mwaka 1882, kwa hiyo nukta hizo haziwezi kuwa chapisho la 1876, hata kama picha yenyewe ni ya vita hivyo. Tafuta mistari myeupe ya maungio. Tazama maeneo meusi: wino ukiwa umejaa na mistari kushikamana, huenda ni klishe iliyochoka, maana yake imepita magazeti mengine kabla ya hili.

Kisha pembe za chini. Mara nyingi kuna saini mbili, ya mchoraji na ya mchongaji, na ya mchongaji hufuatwa na "sc.", kifupi cha neno la Kilatini lenye maana ya "amechonga". Herufi "X. A." ni alama ya karakana ya uchongaji ya nchi zinazosema Kijerumani. Ukiikuta katika jarida la Kiserbia, umeshajua kibao hakikuchongwa na Mserbia wa Belgrade. Angalia pia mikono. Maofisa wote wakishika panga kwa mkono wa kushoto, kuna aliyenakili mchoro uliokwisha kuchapwa na akasahau kuugeuza.

Tenga maelezo na mchoro. Soma maelezo peke yake, halafu yafunike na utazame mchoro peke yake: je, kuna chochote kinachoonyesha mahali, mwaka au kabila? Mara nyingi hakuna.

Mwisho ni tarehe. Waserbia walitumia kalenda ya Juliasi, iliyokuwa nyuma kwa siku 12 katika karne hiyo. Serbia ilitangaza vita 18 Juni kwa hesabu yao na 30 Juni kwa hesabu ya London. Šumatovac ni 11 Agosti au 23 Agosti. Wengi hukimbilia kusema gazeti limedanganya kwa sababu tarehe hazilingani, kumbe ni siku ileile. Lakini ukiukuta mchoro uleule katika toleo la Leipzig la mwaka uliotangulia, hapo hakuna kalenda itakayouokoa.